"0,00" haiko sawa na "hakuna": neno juu ya memwari zetu za metali nzito mu maji



Msimu wa kudefanda umefika tena. Na sawa vile kila mwaka, ku mlango wa fakilte mutaona vichwa vinne ao vitano vyenye kufanana: kupima risasi, kadimiamu, shaba na kobalti mu maji ya mto fulani, ya kisima fulani, ya mfereji fulani wa kumwagilia mboga. Ni jambo la kufurahisha. Tunaishi Lubumbashi, mji wenye ulizaliwa juu ya shaba: tanuri la kuyeyushia shaba liliwaka hapa mu 1911, na ule mlima mweusi wa mabaki yake tunauona kila siku tukipanda basi. Kama sisi watoto wa Katanga hatupimi maji yetu, nani atakuja kuyapima?

Lakini kusema kweli, mu miezi hii nimesoma memwari kadhaa za namna hii tangu ukurasa wa kwanza mpaka viambatisho, na zimenipa uchungu. Si juu ya Kifaransa chake, wala si juu ya mpangilio. Ni juu ya jedwali la matokeo. Ile jedwali yenye kila mutu anaiangalia, njo mahali pa udhaifu kuliko pote. Leo nataka kuichambua. Sitataja mutu wala fakilte. Na kwa haki, kazi ya kwanza yenye nitapasua ni yangu mwenyewe.

TFC YANGU

Nilipokuwa mu gradua ya tatu, TFC yangu ilikuwa juu ya maji yenye wamama walimaji wa mboga wanatumia kandokando ya mto mmoja wa hapa mjini. Kulikuwa kisima chenye kuchimbwa kwa mikono, hatua chache kutoka bustani za lengalenga na matembele. Wamama walikuwa wanamwagilia asubuhi na mangaribi. Na kwa kuwa bomba haifiki kule, walikuwa wanakunywa maji yaleyale, wao na watoto wenye walikuja nao ku shamba.

Nilichota sampuli mu chupa zenye nilipata ku duka, nikazitia mu mfuko, nikazipeleka ku labo nyuma ya siku tatu. Sikuweka asidi. Sikuchuja. Mashini ilikuwa SAA ya moto, ile ya absorpsioni atomiki yenye inanyunyizia maji mu ndimi za moto na kuangalia mwanga gani atomu zimefyonza. Fundi akanipa karatasi. Ku mstari wa risasi: 0,00. Tena 0,00. Tena 0,00. Nikaandika mu hitimisho: "Maji haya hayana risasi." Juri ikafurahi, nikapata alama nzuri.

Kisha nikarudi kule kuwashukuru wamama. Mmoja wao akaniuliza: "Mwana, ile mayi ulipima, iko muzuri? Batoto banaweza kunywa?" Nikamujibu kifua mbele: "Mama, hakuna risasi ndani. Banaweza kunywa."

Nyuma ya miaka mbili, nikiwa mu lisansi, njo nilifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha maelezo cha mashini ya namna ile. Nikasoma kwamba SAA ya moto inaanza kuona risasi mu makumi ya mikrogramu kwa lita, na kuipima kwa uhakika ni juu zaidi ya hapo. Kikomo cha OMS kwa risasi mu maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Fanyeni hesabu wenyewe. Kama kisima kile kilikuwa na mikrogramu 15, mara moja na nusu ya kikomo, karatasi yangu ingeweza kuandika 0,00 vilevile.

Sikupima kwamba hakuna risasi. Nilipima tu kwamba mashini yetu haina macho ya kutosha. Na nilimwambia mama yule neno lenye sikuwa na haki ya kulisema. Risasi haileti homa, haileti kuhara. Inagonga akili ya mtoto polepole, na OMS inasema hakuna kiwango cha risasi mu damu chenye kinajulikana kuwa hakina hatari. Njo maana sichukui hii habari sawa mambo ya mpangilio wa memwari.

SIFURI ZA JEDWALI

Kosa langu lile bado ninaliona mu memwari za mwaka huu. Jedwali imejaa 0,00. Kisha mwandishi anachukua sifuri zile na kufanya wastani. Kisha anafanya ANOVA juu ya wastani ule. Kisha anaandika kwamba "hakuna tofauti ya maana kati ya vituo vya kuchotea". Ndugu, tofauti itatoka wapi, kama vituo vyote viko chini ya macho ya mashini? Umelinganisha giza na giza.

Dawa yake iko rahisi na haiombi pesa nyingi. Unapima blanki, maana yake maji safi ya labo yenye kupita njia ileile ya sampuli, mara kumi. Unatafuta ekartipi ya zile namba kumi. Unazidisha mara 3, unagawanya kwa mteremko wa laini yako ya kalibrasioni: hicho njo kikomo cha kugundua. Ukizidisha mara 10 pahali pa 3, unapata kikomo cha kupima. Kisha mu jedwali hauandiki tena 0,00. Unaandika "chini ya" na ile namba. Kama kikomo chako ni 30 na OMS inasema 10, msomaji anaona palepale kwamba kazi yako haiwezi kusema kitu juu ya usalama wa maji yale kwa upande wa risasi. Ni haya kidogo, ndiyo. Lakini ni haya ya ukweli.

EKSTRAKSIONI: WAVU WA NDAGALA

Wenzetu wengine wameelewa shida hii, na mwaka huu nimeona memwari zenye kutumia ekstraksioni kwanza, mbele ya kupita ku mashini. Ni hatua kubwa mbele, nawapongeza. Kwa wale wa kilimo ama biolojia wenye hawajaikuta, nitaeleza kwa kifupi.

Fikiria ndagala wachache wametawanyika mu ziwa. Ukiingiza mkono, haushiki kitu. Lakini ukiwavuta na wavu mpaka mu beseni moja, unawahesabu. Ekstraksioni inafanya vile. Njia ya zamani, yenye vitabu vyote vinajua, ni hii: unachukua mililita 100 za maji, unarekebisha pH karibu na 2,8, unaongeza APDC, kemikali yenye inashika metali sawa mkono, kisha unatia mililita 10 za MIBK, mafuta fulani yenye hayapendi kuchanganyika na maji. Unatikisa kwa nguvu. Metali yenye kushikwa inahama kutoka mu maji, inapanda mu MIBK yenye kuelea juu. Kile kilichokuwa mu mililita 100 sasa kiko mu 10. Umeongeza nguvu karibu mara kumi, na SAA yako ya moto sasa inaweza kuanza kuona risasi ya kiwango cha OMS.

Kuna njia zingine. Kuna resini yenye inashika metali maji yakipita ndani yake, kisha unaifungua na asidi kidogo. Kuna njia ya wingu, ya Triton X-114: unapasha moto, maji yanageuka sawa ukungu, na metali inajikusanya mu tone zito chini. Na mu 2006 watafiti wa Iran walileta mikro-ekstraksioni ya kutawanya: unapiga na sindano mchanganyiko wa miyeyusho miwili, inatawanyika mu matone madogo-madogo, na ku mwisho unakusanya tone moja tu. Ni za akili sana.

Lakini angalieni: wavu hauvuti ndagala peke yake. Unavuta na majani, na matope, na mifuko ya plastiki. Hapa njo uchambuzi wangu unaanza kweli. Ekstraksioni inaongeza metali ya maji, lakini inaongeza pia kila kosa lenye uliweka mbele yake. Memwari zetu zinachukua furaha ya kwanza na kusahau ya pili.

KOSA LA KWANZA: BLANKI HAIKO

Mu zile memwari za ekstraksioni, nilitafuta jedwali ya blanki. Mu nyingi haikuwa. Mu moja kulikuwa sentensi: "Blanki ilitolewa." Ilikuwa ngapi? Kimya.

Sasa tufikiri pahali tunafanyia kazi. Mwezi wa nane, vumbi ya Lubumbashi inaingia mpaka mu meno. Ni vumbi ya mji wa shaba, wenye tanuri lake liliwashwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Dirisha la labo liko wazi kwa sababu MIBK inanuka na hoti ya kuvuta hewa haifanye kazi. Asidi ni ya bei ya chini. Chupa haikuoshwa na asidi. Glavu za mpira zinaweza kutoa zinki. Kila kitu kati ya hivi kinaweza kuongeza mikrogramu yake, na ekstraksioni itaivuta vizuri kabisa mu beseni, pamoja na ya kisima. Ku mwisho unaandika "risasi: 12", na 9 kati yake ilitoka mu labo.

Hii haiko shida ya masikini peke yao. Clair Patterson, Mmarekani mwenye alipima umri wa dunia mu 1956 na kupata miaka bilioni 4,55, alifika kwa risasi kupitia shida hii hii. Risasi ya hewa, ya vyombo, ya nguo za watu, ilikuwa inaharibu namba zake, mpaka akajenga labo ya usafi wa ajabu. Kisha mu 1965 aliandika kwamba kiwango chenye watu walidhani ni "cha kawaida" kwa mwanadamu ni uchafu wenye sisi wenyewe tulileta. Namba nyingi za risasi ya bahari zenye zilikuwa zimetolewa mbele yake zilipima zaidi uchafu wa labo kuliko bahari. Kama wao walidanganywa, sisi na dirisha letu wazi tutajiona nani?

Blanki inabidi itoke shambani: unabeba maji safi ku kisima, unayahamisha mu chupa pale pale, unachuja, unaweka asidi, unarudi nayo mu mfuko uleule, unafanya ekstraksioni ileile. Ikitoa namba kubwa, unajua labo yako inasema nini mbele ya kisima kusema.

KOSA LA PILI: LAINI YA KALIBRASIONI MU MAJI, SAMPULI MU MIBK

Hili nimelikuta zaidi ya mara moja. Mwandishi anatengeneza standadi zake mu maji na asidi, anaziweka ku mashini, anapata laini nzuri sana yenye kunyooka. Kisha anaingiza sampuli zake mu MIBK, anasoma namba, anagawanya kwa 10. Kwisha.

Haiwezekani, ndugu. Kwanza, moto haupokei MIBK sawa vile unapokea maji: inanyunyizika vingine, inaungua vingine, na mara nyingi ishara inapanda. Pili, MIBK haikatai maji kabisa. Mu mililita 100 za maji, zaidi ya mililita 2 za MIBK zinapotea ndani. Ulitia 10, unabaki na kama 8. Kwa hiyo ile "mara kumi" yako haiko mara kumi. Dawa yake ni kupitisha standadi mu njia ileile yote: pH ileile, APDC ileile, kutikisa kwa dakika zilezile. Hapo makosa yanakuwa sawa pande zote mbili na yanafutana. Inaongeza kazi ya nusu siku tu.

Na kwa kuwa tuko ku pH: sampuli yenye imewekwa asidi vizuri iko chini ya pH 2. Ukisahau kuipandisha mbele ya kutia APDC, kemikali yako inaharibika mu asidi, na metali inabaki chini. Kisha unaandika kwamba maji ni safi.

KOSA LA TATU: "98 %" YENYE HAIKO USHAHIDI

Wale wenye wanafanya kazi vizuri wanaongeza jaribio la kurudisha. Unatia mu sampuli kiasi cha risasi chenye unakijua, unafanya ekstraksioni, unaangalia kama unakipata tena. Ukipata kati ya 80 na 120 %, unafurahi. Nimeona memwari moja yenye 98 %, na mwandishi akamaliza: "Njia yetu inatoa risasi yote ya maji." Polepole.

Risasi yenye ulitia mwenyewe dakika tano mbele iko huru mu maji, haijashikamana na kitu. Ile ya kisima imekaa kule miezi na miezi. Imejifunga ku vipande vya udongo, ku vitu vyeusi vya majani yenye kuoza, hasa mu visima vya karibu na mabwawa. APDC inaweza kuokota ya kwanza yote na kuacha nusu ya pili. Asilimia 98 inasema ulipata ulichotia. Haisemi ulipata kilichokuwamo. Kama swali lako ni kile chenye mtoto anameza, inabidi uyeyushe sampuli na asidi nitriki ya moto mbele ya ekstraksioni. Kama unataka ile yenye kuyeyuka peke yake, uchuje na kichujio cha mikromita 0,45 pale shambani, kisha uweke asidi. Ukigeuza mpangilio, asidi kwanza, kichujio kisha, asidi imeshafungua metali ya matope, na neno "iliyoyeyuka" mu kichwa cha memwari yako limekuwa uongo.

KOSA LA NNE: NJIA YA MAJI YA WENGINE

Hapa sitalaumu wanafunzi peke yao. Nitalaumu pia artikle zenye tunapakua ku telefone usiku, wakati megabaiti ziko bei ya chini.

Mutaona kuna wingi wa artikle za ekstraksioni. Kila moja iko na kitu "kipya": mwyeyusho mpya, unga mpya wa sumaku, kikomo cha kugundua cha chini kuliko jirani. Ku mwisho kuna jedwali ndogo yenye kujaribu njia ile mu "maji halisi". Angalieni maji gani: mara nyingi ni bomba la labo yao, chupa ya dukani, mto mmoja wa karibu. Maji ya upole. Risasi kidogo, shaba kidogo, hakuna mwenye kugombana.

Sasa leta njia ile Katanga. Mu mikro-ekstraksioni wanaweka kemikali ya kushika kidogo sana, juu kila kitu ni kidogo. Fikiria maji yenye yametoka karibu na machimbo, na shaba ya miligramu 1 kwa lita. Hiyo ni kama mikromoli 16 kwa lita, na kila shaba inashika APDC mbili: mikromoli 32 zimekwisha. Na shaba inashikwa na nguvu kuliko risasi na kadimiamu. Kama artikle ilikuambia utie mikromoli 20, shaba imekula meza yote, na chuma imekuja kulamba sahani. Risasi inabaki mu maji. Mashini inaandika namba ndogo. Na wewe unaandika: "Maji yenye shaba nyingi hayana risasi." Mahali pachafu kuliko pote panatoka na karatasi safi kuliko zote!

Hii njo inaniumiza zaidi. Njia yenye kukopwa bila kujaribiwa inaweza kudanganya kwa upande wa hatari. Kwa hiyo jaribio la kurudisha haliwezi kufanyika mu maji ya labo, wala mu bomba. Lifanyike mu maji yaleyale ya kituo kibaya kuliko vyote. Na lifanywe na kemikali mara mbili: kama namba inapanda ukizidisha APDC, ujue haikutosha.

TULIANZA NA SWALI GANI?

Mimi ni mutu wa kilimo, niruhusuni kusema neno la kilimo. Memwari nyingi zinapima maji ya kumwagilia mboga, kisha zinalinganisha na "norme ya OMS" ya maji ya kunywa. Zingine zinaandika hata norme ya OMS ya kobalti. OMS haina namba ya kobalti mu mwongozo wake wa maji ya kunywa. Ilitoka wapi? Imenakiliwa kutoka memwari ya mwaka jana, yenye ilinakili ya mwaka mwingine.

Kwa maji ya kumwagilia, tuko na mwongozo wa FAO wa 1985: kadimiamu 0,01 miligramu kwa lita, kobalti 0,05, shaba 0,2, nikeli 0,2, zinki 2, risasi 5. Angalieni ile risasi: 5 miligramu, mara 500 ya maji ya kunywa! Maana yake, kama swali lako ni mboga peke yake, SAA ya moto bila ekstraksioni inatosha kabisa kwa risasi, na kwa shaba pia. Ulivuta MIBK mu mapafu yako bure. Pesa ile ingefaa kupima udongo, pahali metali inajikusanya mwaka kwa mwaka, ama vumbi yenye inakaa ku majani.

Lakini kama swali ni maji yenye mtoto anakunywa, basi risasi na kadimiamu vinaomba macho makali: ekstraksioni yenye kufanywa vizuri, ama tanuri la grafiti, ama kutuma sampuli ku labo yenye mashini kubwa. Tuanze na mutu mwenye atatumia namba, kisha tuchague njia. Sisi tunaanza na mashini yenye iko wazi wiki ile.

"HAKUNA PESA"

Najua mutasema nini. Umeme unakatika katikati ya kalibrasioni. Gesi ya asetileni imekwisha. Fundi wa labo anaomba pesa kwa kila sampuli, na mzazi anauza makala ku barabara ili wewe umalize. Nimepita hapo, sichekelei mutu.

Lakini hesabu hii ninaikataa: sampuli 60 zenye kuchotwa mara moja, bila blanki, bila kurudia, bila kikomo. Kwa pesa ileile unaweza kufanya sampuli 12, kila moja mara mbili, na blanki tatu za shambani, na majaribio matatu ya kurudisha. Chupa za plastiki ngumu zilowekwe usiku moja mu asidi nitriki ya 10 %, zisuuzwe na maji safi. Hiyo yote ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya pesa. Kitabu kitakuwa chembamba. Basi kiwe chembamba.

Na hapa, kwa heshima yote, neno kwa wazee wetu maprofesa na maasista. Wanafunzi wanaandika kile chenye juri inauliza. Nimehudhuria difansi nyingi. Nimesikia wakiuliza idadi ya sampuli, namba za marejeo, nafasi kati ya mistari. Sijasikia mara nyingi wakiuliza: "Blanki yako ilikuwa ngapi?" Siku swali lile litakuwa la kwanza, mwaka unaofuata memwari zote zitakuwa na blanki. Munajua wanafunzi vile tuko.

Tusisahau pia kwamba watu wa hapa wameshafanya kazi nzuri. Mu 2009 kikundi chenye watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitoa kazi juu ya mkojo wa watu wenye kuishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga, na kobalti yenye walikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyokuwa imeandikwa kwa watu wa kawaida. Dunia ilisikia. Ilisikia kwa sababu namba zile zilikuwa na mgongo: hakuna mwenye angesema "ni vumbi ya labo yenu" na kwenda zake. Kampuni, serikali, hata jirani yako wa kiti mu juri, wote watatafuta ule ufa. Tusiwaachie wazi.

MAMA WA KISIMA

Mwaka jana nilirudi ku ile bustani. Mama yule angali analima, kisima kingali wazi. Nilimwambia ukweli: "Mama, siku ile nilisema sana. Mashini yangu haikuweza kuona risasi kidogo. Sijui kama mayi iko muzuri." Aliniangalia muda mrefu, ndoo mkononi. Kisha akauliza: "Sasa tunywe mayi gani?"

Sikuwa na jibu la labo. Nilimwomba maji ya watoto ayatoe ku foraji ya upande wa pili wa barabara mpaka tupime vizuri, na alinikumbusha kwamba kule bido moja inalipiwa. Ni kweli. Tangu pale, mimi na rafiki mmoja wa kemia tumeosha chupa na asidi, na tumechota tena, mara hii na blanki yake. Blanki ya kwanza ilitoka mbaya, tumeitupa pamoja na sampuli zake zote, tunaanza upya kisha mvua.

Wenye munadefanda mu wiki hizi, bado muko na wakati. Fungueni jedwali yenu, futeni zile 0,00, andikeni "chini ya" na namba yenu. Na kama haujui namba yako ni ngapi, andika hilo mu ukurasa wa mipaka ya kazi, kwa maneno yenye mama wa kisima angeelewa.